Binti yangu amekataa mafaili yangu, anasema Word yangu ya 2007 ni hatari

Mshauri, habari za kazi. Safu hii naisoma siku nyingi ila sikuwahi kufikiria kama na mimi nitaandika, na shida yenyewe wengine wataiona ndogo lakini imenikaa rohoni kama miezi minne sasa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, nimeshika chaki miaka 34. Nyumbani nina kompyuta ya mezani na ndani yake kuna Office 2007, yenye Word ya kuandikia na Excel ya majedwali. Sikuiiba wala sikupewa na mtu, niliinunua mwaka 2008 kwa hela yangu, diski yake ninayo mpaka leo kwenye boksi lake na ile namba ndefu ya kufungulia imebandikwa nyuma. Kompyuta nimebadilisha mara moja tu, hii ya sasa ina Windows 10, nikaweka diski ileile ikakubali. Haijawahi kunisumbua hata siku moja.

Kwenye kompyuta hiyo ndiyo naandikia kitabu changu cha mazoezi, maswali zaidi ya 1,800 na majibu yake, hatua kwa hatua. Hesabu zenyewe naziandika kwa Equation Editor ya zamani, unaenda Insert unachagua Object, kinakuja kidirisha kidogo chenye alama zake, kipeuo hiki hapa, sehemu hii hapa, vidole vyangu vinakijua bila hata kuangalia. Binti yangu wa kwanza ndiye alikuwa msomaji wangu. Namtumia sura moja, anapitia, anarudisha na alama nyekundu, tunabishana kidogo kwenye simu, basi ndiyo ilikuwa furaha yangu ya wiki.

Sasa yeye anafanya kazi ofisi inayoshughulika na malipo ya watu. Siku moja alikuja kunisalimia, akakaa kwenye kompyuta aangalie kitu, akaona ile Office, akashtuka kabisa. Akasema, mbele ya wajukuu, "Baba, usinitumie tena faili lolote kutoka kwenye hii kompyuta, na flashi yako usiichomeke kwenye laptopu yangu." Mshauri, nilijisikia kama mtu aliyeambiwa ana ugonjwa wa kuambukiza. Sikujibu kitu, na tangu siku hiyo sijamtumia sura hata moja. Kitabu kimesimama. Kwenye simu tunaongea hali za watoto tu.

Nimejaribu kuelewa hofu yake lakini siioni. Antivairasi ninayo. Makro, zile amri ndogo zinazojiendesha ndani ya faili, sijawahi kuzikubali maana nilishasikia ndizo zenye vairasi. Apdeti nilizizima miaka mingi iliyopita kwa sababu zilikuwa zinakula bando na kuchelewesha mashine, na mbona imeendelea kufanya kazi vizuri tu? Halafu mimi ni mzee wa nyumbani, nina nini cha kuibiwa, maswali ya logarithimu? Benki siingii kwa kompyuta. Kitu kingine kilichomo humo ni karatasi za kikundi chetu cha wastaafu, mimi ndiye katibu, tuko watu 62, kwa hiyo kuna daftari la wanachama kwenye Excel, majina, simu, akaunti za benki za kupelekea michango na warithi wao, basi.

Kuna siku moja tu, kama mwezi kabla ya hayo maneno ya binti, nilipata imeili yenye kiambatisho cha Word kinasema orodha ya malipo ya wastaafu, nikafungua, ukurasa ukawa mtupu, kikapita kidirisha cheusi haraka kama mtu amepepesa jicho, nikafunga. Baada ya hapo hakuna kilichotokea kwa hiyo naona haikuwa kitu.

Kuna kijana fundi amesema ataniwekea Office mpya kabisa bure, ana njia yake ya kuifungua bila kulipia, kinachotakiwa ni kuzima antivairasi kwa dakika chache. Binti sijamwambia hilo.

Sasa nishauri. Nikubali niache chombo nilichokizoea miaka yote hii, au hawa vijana wanatutisha tu ili tununue vitu vipya kila mwaka? Na huyu binti yangu nimfanyeje, maana nimeumia.

Mwalimu mstaafu

*

Shikamoo mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona kompyuta, mara ya pili nikamuona binti, na mara ya tatu ndipo nikaona kitu ulichokiandika kwa mistari michache ukakipita haraka, nacho nitakirudia sasa hivi kwa sababu hakiwezi kusubiri mpaka mwisho wa jibu.

Ila kwanza uone kama nimekuelewa. Una chombo ulichokinunua kihalali, unakiamini, na kazi kubwa ya uzee wako imo ndani yake. Mtoto uliyemlea amekuambia kwa maneno makali kwamba chombo hicho kinamtia hofu, na wewe hukusikia "chombo", ulisikia "wewe". Tangu siku hiyo kitabu kimelala na mazungumzo yamelala. Kompyuta ingekuwa peke yake ndiyo tatizo nadhani ungeshaita mtu wa kuiangalia.

Sasa kile kidirisha cheusi.

Mwalimu, faili la Word la kawaida, orodha tu ya majina, halina sababu ya kufungua kidirisha cheusi. Kile kidirisha mara nyingi ni sehemu ya Windows inayopokea amri, na kikiwaka na kuzima wakati umefungua kiambatisho kutoka kwa mtu usiyemjua, na ukurasa ukabaki mtupu, inawezekana kabisa kuna amri ilipitishwa pale. Sisemi ndivyo ilivyokuwa, mashine sijaiona. Ila ile hoja yako kwamba hakuna kilichotokea ndiyo naomba uifikirie upya, kwa sababu programu nyingi za wizi kazi yao ni kukaa kimya. Ikikuharibia kitu utaita fundi, kwa hiyo inakaa inasoma, inakusanya pasiwedi na mafaili, na wewe unaendelea kuandika hesabu zako kwa amani.

Kwa hiyo kabla hujaamua lolote kuhusu Office, pasiwedi ya imeili yako ibadilishe, na uibadilishie kwenye simu au mashine nyingine, siyo kwenye hiyo kompyuta. Nakili kitabu chako na karatasi zako zote kwenye diski ya nje, halafu uichomoe, isikae imechomekwa, na uiandike kabisa kwamba bado haijakaguliwa. Halafu hiyo Windows 10 ina kipimo kinachoitwa Microsoft Defender Offline, ukikianzisha kompyuta inajizima na kuwaka upya na kujikagua kabla Windows yenyewe haijaamka, yaani kabla vitu vinavyojificha havijapata pa kujificha. Kikitoa majibu safi shukuru Mungu, ila kipimo kusema safi siyo hakikisho, na watu wengi wanaoijua kazi hii wangekuambia mashine yenye historia kama hiyo ni afadhali ifutwe yote na kuwekwa upya. Hilo la kufuta utalipima wewe na mtu unayemuamini.

Turudi kwenye hoja zako sasa, maana ni hoja za mtu anayefikiri na zinastahili kujibiwa moja moja.

Unasema iliendelea kufanya kazi vizuri tu. Ni kweli, na ndiyo maana jambo hili linachanganya watu. Gari likichakaa utasikia breki zinalia. Programu haichakai hivyo, mwaka wa kumi inafungua ukurasa vilevile kama siku ya kwanza. Kinachobadilika kiko nje yake. Microsoft iliacha kuihudumia Office 2007 tarehe 10 Oktoba 2017. Leseni yako haikufa siku hiyo, na hakuna sheria unayoivunja kwa kuendelea kuitumia, kilichokufa ni viraka, yaani yale masahihisho yanayoziba matundu ya programu. Na kumbuka toleo jipya halikuandikwa lote upya, kuna sehemu nyingi lilizirithi kutoka kwa la zamani. Kwa hiyo likipatikana tundu kwenye Office mpya na kiraka kikatolewa, wahalifu wanakifungua kile kiraka kuangalia kimeziba wapi, halafu wanaenda kujaribu palepale kwa wale ambao hawatapata kiraka. Tena wewe ulizima apdeti kabla ya hapo, maana yake hata vile viraka vya mwisho ulivyokuwa na haki navyo huenda hukuvipata.

Unasema makro huzikubali. Hapo nakupongeza kwa dhati, maana watu wengi wameumia kwa kubofya kile kitufe. Mwaka 1999 kuna kirusi kiliitwa Melissa, kilikuja ndani ya faili la Word kwa njia ya makro, kikawa kinajituma chenyewe kwa watu 50 wa kwanza kwenye orodha ya anwani za mtu. Hicho ungekizuia. Ila kuna mlango mwingine, na naogopa kukuambia ni upi kwa sababu najua unavyoupenda.

Ni hiyo Equation Editor.

Toleo hilo la ile programu ndogo lilitengenezwa mwaka 2000, na likaendelea kubebwa toleo hadi toleo kwa miaka 17 ili watu kama wewe waweze kufungua hesabu zao za zamani. Mwaka 2017 ikagundulika ina kosa, na kosa lenyewe mwalimu wa hisabati atalielewa kuliko mimi. Kila hesabu iliyoandikwa humo inabeba ndani yake jina la fonti, yaani aina ya mwandiko. Equation Editor ilikuwa inalichukua lile jina na kulimwaga kwenye nafasi ndogo iliyotengwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, bila kupima urefu wake kwanza. Mtu mbaya akiweka jina refu kupita kiasi, herufi zinazozidi zinafurika na kufunika pale palipoandikwa kompyuta irudi wapi kuendelea na kazi yake, na hapo mhalifu anaweka anwani anayoitaka yeye. Basi, mashine inamtii. Hakuna makro, hakuna kitufe cha kukubali, wewe umefungua faili tu. Kiraka kilitoka Novemba 2017, na Januari 2018 yakapatikana matatizo mengine humohumo, Microsoft ikaona bora iiondoe kabisa kwa njia ya apdeti. Kwako wewe bado ipo, kila siku unaitumia, na tundu lake ni miongoni mwa yaliyotumiwa sana na wezi kwa miaka iliyofuata.

Halafu Office 2007 ilitoka kabla ya ule ulinzi ulioanza na toleo la 2010, ule wa faili lililotoka kwenye intaneti kufunguka kwanza likiwa limefungiwa, na ule mstari wa njano juu unaokuuliza kama kweli unataka kulihariri. Kwako kila faili linaingia moja kwa moja mpaka sebuleni.

Na antivairasi? Inasaidia, usiitoe. Ila ni kama mlinzi mwenye picha za wezi wanaojulikana, akija mwenye sura mpya anaweza kupita, na ukuta wenye tundu yeye hauzibi.

Hoja ya kwamba huna cha kuibiwa nimekaa nayo muda mrefu kuliko zote, kwa sababu mstari unaofuata wewe mwenyewe umeandika majina 62, simu, akaunti za benki na warithi wao, halafu ukamalizia na neno "basi". Mwalimu wangu, hilo siyo basi. Mtu mwenye daftari hilo anaweza kumpigia mjane wa mwanachama akamtajia jina la marehemu, kiasi cha mchango na namba ya akaunti, na yule mama atamuamini, kwa nini asimuamini? Kompyuta ni yako na kitabu ni chako, ukiamua kubeba hatari ya vitu vyako hakuna wa kukuzuia. Hawa 62 lakini walikupa siri zao wakiamini ziko kwenye daftari, sidhani kama kuna hata mmoja aliyeulizwa kuhusu Office 2007. Hapa sikuhukumu hata kidogo, makatibu wengi sana wako hivyohivyo. Nauliza tu kama uamuzi wa sehemu hiyo ni wako peke yako.

Pia kuna imeili yako yenyewe. Kuna programu moja ya wizi iliitwa Emotet, polisi wa nchi kadhaa waliivunja Januari 2021 na mwisho wa mwaka huohuo ikarudi. Ilikuwa ikiingia kwa mtu inachukua mazungumzo yake ya zamani ya imeili na kuyajibu, kwa jina lake, chini ya maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe, na kiambatisho cha sumu juu yake. Sasa fikiria binti yako yuko kazini kwenye mashine inayolipa watu, anapata jibu kutoka kwa baba kwenye mazungumzo yale ya sura ya nne, lina kiambatisho. Atafungua, tena mbiombio, kwa sababu ni wewe. Kwa hiyo mimi sidhani kama alikuwa anakuogopa wewe. Nadhani aliogopa jinsi anavyokuamini.

Namna alivyolisema, mbele ya wajukuu, hapo nipo upande wako, lingeweza kusubiri watoto watoke. Hofu huwa inatoa sauti isiyofaa. Ila jiulize pia kama siku ile alikuwa na namna ya kukueleza haya yote kwa dakika mbili, amesimama, na kashtuka.

Nikusindikize basi kwenye njia ninazoziona, na kila moja ina miiba yake.

Unaweza kubaki na Office yako ileile lakini kompyuta ukaikata intaneti kabisa, waya na waifai, ikawa chumba cha kuandikia tu. Imeili ukasomea kwenye simu. Naona njia hii ingekupendeza kwa sababu vidole vyako havitajifunza kitu kipya, na kwa mtu anayeandika maneno yake mwenyewe bila kufungua mafaili ya watu ni ulinzi mkubwa kweli. Mwiba wake ni flashi. Mwaka 2010 iligundulika programu iliyoitwa Stuxnet iliyoharibu mitambo ya nyuklia ya Iran, mitambo ambayo haikuwa kwenye intaneti, na flashi zilikuwa njia yake mojawapo ya kusafiri. Hakuna atakayekutumia kitu kikubwa kama hicho, nataja tu uone kwamba kisiwa kinabaki kisiwa mpaka siku mtu anapojenga daraja. Na ukweli wa maisha ni kwamba siku moja mwanakikundi atakuja na flashi yake, "katibu niprintie hii dakika moja", na wewe kwa upole wako utaichomeka. Usisahau pia kwamba kwenye mashine hiyo bado hatujui kile kidirisha kiliacha nini, kwa hiyo kuikata kabla ya kuisafisha ni kufunga mlango huenda mwizi akiwa ndani.

Njia nyingine ni LibreOffice, programu inayofanya kazi kama za Office, bure ya kweli, siyo bure ya fundi wako, ilianza mwaka 2010 ikitokana na programu nyingine ya bure iitwayo OpenOffice na mpaka leo inatolewa viraka. Unaweza kuiweka pembeni ya Office ya zamani ukaizoea polepole. Kwako wewe ina kitu kimoja kizuri, kwenye mipangilio yake kuna sehemu ya kuiambia izigeuze hesabu za Equation Editor kuwa hesabu zake ili uendelee kuzihariri. Ila sitakuficha, kugeuza siyo kunakili, kuna mahali kipeuo kitatoka kifupi, mstari wa sehemu utapanda au kushuka, majedwali yatasogea, na kwa maswali 1,800 hiyo ni kazi ya miezi. Nayo ina matundu yake kama programu yoyote, usipoiapdeti utarudi palepale baada ya miaka.

Ya tatu ni kununua Office mpya. Angalia usije ukauziwa 2016 au 2019 kwa bei ya huruma, zote mbili huduma yake ilikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, siku ileile ilipokwisha ya Windows 10 yako. Ndiyo mwalimu, Windows nayo imo, kuna mwaka mmoja wa viraka vya nyongeza kwa watu wa nyumbani hadi Oktoba 2026 lakini inabidi ujiandikishe. Kwenye hizo mpya Equation Editor ya zamani haimo, hesabu zako utaziona kwenye ukurasa kama kawaida, kuzihariri ndiyo shughuli nyingine. Word mpya ina chombo chake cha hesabu, na jambo ambalo huenda hukuligundua ni kwamba hata hiyo 2007 yako inacho, kiko Insert halafu Equation. Ungeweza kuanza kukizoea leo bila kununua chochote. Na hapa ndipo swali lako linapoingia, kama wanatutisha ili tununue. Mwalimu, kuna ukweli humo. Kampuni inafaidika ukinunua tena, na mtu aliyenunua kitu akakitunza ana haki ya kuona uchungu akiambiwa muda umekwisha. Uchungu huo ni halali kabisa, na tundu la fonti nalo lipo kabisa, yote mawili kwa pamoja.

Ipo pia Word ya kwenye intaneti ambayo unaifungua ndani ya kivinjari bila malipo, faili la mtu usiyemjua linafungukia kwenye mashine za kampuni badala ya yako. Kwa viambatisho vya watu inafaa. Kwa daftari la wanachama inabidi kwanza uwaulize kama wanakubali likae kwenye mashine za wengine, na kuandika kitabu humo kunahitaji intaneti ya uhakika.

Kuhusu kijana fundi, hapo nitaongea bila kuzunguka. Mtu anayekuambia uzime antivairasi ili aweke kitu chake anakuomba umtoe mlinzi getini. Huenda yeye mwenyewe ni mwema na hajui kilichomo ndani ya kile anachokiweka, maana hizo njia za kufungulia programu ni mahali wezi wanapopenda sana kuficha vitu vyao. Katika yote uliyoyataja hilo ndilo linalonitisha zaidi, kuliko hata Office 2007 yenyewe.

Ipi ufuate? Sijui maisha yako kiasi cha kukuchagulia, na nadhani jibu linaweza kuwa mchanganyiko, kitabu kikakaa mahali pake na daftari la wanachama likakaa pengine. Daftari hilo kwa kweli lingeweza hata kurudi kwenye daftari la karatasi ndani ya kabati lenye kufuli.

Nimalizie kwa binti. Umekaa miezi minne bila kumwambia mambo mawili, kwamba umeumia, na kwamba kuna kidirisha cheusi kilipita. Nashangaa kidogo kama hayo mawili hayajafungamana, yaani kama sehemu ya ukimya wako siyo kuogopa kwamba ukimwambia la pili atakuwa ameshinda. Nisamehe kama nimekosea. Ila ukimpigia ukamwambia, "Mwanangu, siku ile uliniumiza, na kuna jambo nilikuficha, naomba uje tuliangalie pamoja", sioni mtoto wa kukujibu vibaya. Atakuja na maswali mengi, pengine na lawama kidogo, umvumilie. Umuulize pia kazini kwake wanaruhusu nini, huenda sura za kitabu anaweza kuzipokea kwenye imeili yake binafsi akazisomea kwenye simu, au zikaja zimeprintiwa akaweka zile alama nyekundu kwa kalamu.

Kama atakubali kuja, msianze na sura zote. Baada ya kuikagua ile mashine chagueni faili moja tu, lile lenye milinganyo ya kipeo cha pili kwa mfano, maana lina vipeuo na sehemu za kila aina. Tengenezeni nakala, siyo lenyewe, mlifungue kwenye LibreOffice mkiwa mmekaa wawili, mhesabu ni hesabu ngapi zimetoka sawa na ngapi zimepinda. Mkishapata hiyo idadi niandikie tena mwalimu, natamani sana kuijua.

Mshauri wako